Vioo vya maduka Simiyu vifunikwe kwa nje, pazia la ndani halitoshi

KADIRI miji ya Kanda ya Ziwa inavyokua, sura ya maduka nayo inabadilika. Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2012, haijabaki nyuma. Fremu mpya za biashara zinajengwa kwa vioo vikubwa na alumini, mahali ambapo zamani palikuwa na mlango wa mbao, dirisha dogo na kibaraza. Duka la kioo linapendeza na linavutia wateja. Tatizo ni kwamba kioo hicho hicho kinachomwezesha mteja kuona bidhaa ndicho kinachoruhusu jua kuingia, na joto la jua likishaingia kutoka kwake ni kazi.

Kwa anayeuza vyombo vya plastiki au daftari za shule, hasara ya jua ni rangi kupauka. Kwa anayeuza mbegu, viuatilifu, dawa za mifugo, dawa za binadamu au mafuta ya kula, hasara ni kubwa zaidi, na haimwishii mwenye duka. Inakwenda hadi shambani na zizini, kwa mtu ambaye hakushiriki kuchagua kioo wala kupanga rafu.

Wenye maduka wengi wanajua kwamba jua linaharibu, na wengi wamejaribu kujikinga. Wanachofanya ni kutundika pazia ndani ya kioo, kubandika magazeti, au kubandika karatasi nyeusi ya tinti. Jitihada hizo si mbaya, lakini zinafanyika upande usio sahihi wa kioo. Kivuli cha kweli ni kile kinacholizuia jua kabla halijagusa kioo.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo cha kawaida bila shida, na zaidi ya asilimia 80 ya nguvu yake huingia ndani. Ukifika ndani hupiga sakafu, meza, makopo na maboksi, navyo vikapata moto. Joto linalotoka kwenye vitu hivyo ni la aina nyingine, na kioo hakiliachii lirudi nje kama kilivyouachia mwanga kuingia. Ndiyo maana chumba chenye kioo kinachopigwa na jua huwa na joto kuliko hata uwanja ulio nje yake.

Pazia la ndani linafika wakati mwanga umeshavuka. Pazia jeupe hurudisha sehemu ya mwanga huo nje, lakini sehemu inayobaki hulipasha moto pazia lenyewe, nalo hulimwaga joto dukani. Pazia jeusi ni baya zaidi, kwa kuwa hunywa karibu mwanga wote. Vipimo vya wataalamu wa majengo vinaonyesha kwamba pazia zuri la rangi nyeupe lililo ndani huzuia takriban nusu ya joto la jua, wakati kivuli kilichowekwa nje kinaweza kuzuia robo tatu au zaidi. Tofauti hiyo haitokani na bei ya pazia, bali na mahali lilipowekwa.

Jambo hili wanalijua vizuri wasafiri wa Australia na Marekani wanaolala kwenye matrela yenye madirisha, ambao husafiri wiki nyingi kwenye nchi za joto. Trela ni chumba kidogo cha bati chenye vioo, na jua la mchana hulifanya kuwa kama tanuri. Wanaoishi humo hawategemei pazia peke yake. Hufunika madirisha kwa nje, kwa turubai, kwa neti nzito ya kivuli au kwa shuka la kung'aa linalorudisha jua lilikotoka. Fremu ya bati na kioo iliyoko pembeni ya stendi haina tofauti kubwa na trela hilo, ila yenyewe haiwezi kuvutwa ikapelekwa chini ya mti.

Ukubwa wa joto lenyewe unaweza kupimwa kwa hesabu ya kawaida. Dirisha la duka lenye eneo la mita za mraba 3 linalotazama magharibi, likipigwa na jua kali saa 10 jioni, huingiza ndani joto linalokaribiana na la pasi ya umeme iliyoachwa ikiwaka. Hakuna mfanyabiashara anayeweza kuwasha pasi katikati ya rafu ya dawa na kuiacha hapo saa 3 kila siku. Lakini jua linapofanya kazi hiyo bila kutoa bili, hakuna anayeshtuka.

Nchi ya Simiyu ina jua la namna yake. Bariadi iko karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, mwezi Desemba hupita upande wa kusini, na mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi hupita utosini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini hupigwa sehemu moja ya mwaka na la kusini sehemu nyingine, tena jua likiwa juu sana. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye taabu, kwa kuwa yanapigwa mwaka mzima, na jua lake huja limelala.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalitilii maanani. Saa ya Tanzania ni moja kwa nchi nzima, lakini Simiyu iko mbali upande wa magharibi ukilinganisha na pwani. Kwa sababu hiyo jua la Bariadi hufika juu kabisa karibu saa 7 kasorobo mchana, na huzama karibu saa 1 kasorobo jioni. Saa 11 jioni, wakati mwenye duka anaanza kufikiri kwamba siku imekwisha, kioo cha magharibi bado kina karibu saa 2 za jua mbele yake. Na hilo linakuja wakati ukuta na paa vimeshajaa joto la mchana kutwa.

Ni kweli pia kwamba upenu si dawa ya kila dirisha. Kwa dirisha la kaskazini, upenu wenye urefu wa sentimita 60 hutupa kivuli cha takriban mita 1.2 kwenda chini mchana wa Juni, na hiyo inatosha kufunika dirisha la kawaida. Upenu huo huo ukiwa juu ya dirisha la magharibi, saa 11 jioni hufunika sentimita 30 tu za juu. Sehemu yote iliyobaki iko wazi. Anayetazama magharibi au mashariki anahitaji ama kibaraza kipana, ama kitu kinachoning'inia mbele ya kioo.

Hasara inayotokea ndani ya duka haionekani kwa macho mapema, na hapo ndipo hatari ilipo. Mbegu ni kitu chenye uhai. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya siku nyingi kwamba kila joto la ghala linapopanda kwa nyuzi 5, maisha ya mbegu hupungua kwa nusu. Pakiti ya mbegu za nyanya au kabichi iliyotundikwa kwenye kioo ili ivutie wateja inaweza kuwa na tarehe nzuri kabisa, na bado ikaota kwa kusuasua. Mkulima atamwaga maji na mbolea kwenye kitalu kitupu, na msimu hautamsubiri.

Viuatilifu navyo vina masharti yake. Vingi vimekusudiwa kukaa miaka 2 tangu kutengenezwa, lakini ahadi hiyo ni kwa bidhaa iliyohifadhiwa mahali pakavu, penye ubaridi na pasipopigwa na jua. Lebo husema hivyo wazi. Dawa za maji zilizochanganywa na mafuta zinaweza kujitenga, chupa zikavimba na vifuniko vikavuja. Zaidi ya hapo, mvuke wake si kitu cha kuvutwa kutwa nzima na muuzaji aliyekaa kwenye chumba kilichofungwa.

Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na ni mkoa wa wafugaji pia. Mkulima wa pamba anayepulizia dawa na kuona funza wa vitumba wanaendelea kula, mara nyingi hufikia uamuzi mmoja kwamba ameuziwa dawa feki. Dawa feki zipo na lazima zipigwe vita. Lakini ipo pia dawa halali, iliyotoka kiwandani ikiwa nzima, iliyopikwa na jua wiki kadhaa nyuma ya kioo. Mkulima hawezi kuzitofautisha. Kwake zote ni hasara moja.

Kwa mfugaji mambo ni yale yale. Oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wengi huiita OTC, hubadilika na kuwa nyeusi ikipigwa na mwanga mkali, na ndiyo maana huwekwa kwenye chupa ya rangi ya kahawia. Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo ya kideri ya kuku aina ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inasifika kwa kuvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Hata hivyo, kuvumilia joto si ruhusa ya kuianika. Jua la moja kwa moja huiua, na mama mwenye kuku 20 atabaki na imani ya kinga ambayo haipo.

Katika maduka ya dawa muhimu, dawa nyingi za binadamu zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya nyuzi 25. Kwenye duka la vyakula, mafuta ya kula yaliyo kwenye madumu yanayopitisha mwanga huvunda mapema yakiwekwa dirishani, na vitamini A iliyoongezwa humo hupungua. Hakuna hata moja kati ya hizo linalomtangazia mnunuzi kwamba limeharibika.

Gari nalo ni duka kwa wafanyabiashara wengi. Wanaozunguka minadani na mizigo kwenye Noah, Hiace au pikapu huacha dawa na chanjo ndani ya gari wakati wakipanga biashara. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda kwa takriban nyuzi 22 katika saa 1, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za kwanza. Kuteremsha vioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Siku ya nyuzi 30, hiyo ina maana ya nyuzi zaidi ya 50 ndani ya gari. Chanjo haiwezi kustahimili hali hiyo, na mtoto aliyeachwa amelala kwenye kiti yuko hatarini zaidi kuliko chanjo.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Hatua ya kwanza haina gharama kabisa, nayo ni kuhamisha bidhaa. Rafu za mbegu na dawa zikae kwenye ukuta wa nyuma, mbali na kioo, na zisiguse bati. Mbele ya kioo pawekwe maboksi matupu ya bidhaa zile zile. Mteja ataona kilichopo, na jua litaunguza karatasi tu.

Hatua ya pili ni kuweka kivuli nje. Kwa kioo cha magharibi au mashariki, neti nzito ya kivuli inayotumika kwenye vitalu, turubai la rangi nyepesi, mkeka wa matete au viroba vilivyoshonwa pamoja vinaweza kutundikwa kwenye mti au bomba lililofungwa juu ya dirisha. Kifuniko kisibanwe kwenye kioo. Kiachwe nafasi ya kiganja kimoja au zaidi ili hewa ya moto ipande na kutoka. Duka la magharibi hulifungua asubuhi na kulishusha kuanzia saa 7 mchana; la mashariki hufanya kinyume chake. Jioni kifuniko huingizwa ndani ili kisiibwe.

Hatua ya tatu ni ya vioo vidogo vya juu ambavyo havina kazi ya kuonyesha bidhaa. Hivyo vinaweza kupakwa chokaa nyepesi kwa nje, njia ambayo wakulima wa nchi za baridi huitumia kwenye nyumba za kioo majira ya joto yanapoingia. Mvua huiosha taratibu, na kiangazi kingine hupakwa tena. Karatasi nyeusi ya tinti ifikiriwe mara mbili. Hupunguza mng'ao, lakini hunywa joto na kukipasha moto kioo chenyewe, na kioo kilicho nusu juani na nusu kivulini kinaweza kupasuka. Kwa upande wa gari, mwenye nalo aulize kwanza askari wa usalama barabarani.

Kwa gari lililoegeshwa mnadani, turubai au mkeka utandazwe juu ya kioo cha mbele kwa nje, na chanjo zikae kwenye kuli boksi lenye barafu, chini ya mti, chini ya uangalizi. Kwa duka, kipimajoto kidogo cha ukutani kiwekwe kwenye rafu ya dawa na kisomwe kila siku saa 9 alasiri. Namba hiyo ndiyo itakayomwambia mwenye duka kama kivuli chake kinafanya kazi.

Kuna watakaosema kwamba kufunika kioo ni kufukuza wateja. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mpita njia hununua anachokiona. Lakini kifuniko cha magharibi hushushwa mchana na alasiri tu, na kibaraza kipana hakizibi kitu kabisa. Zaidi ya hayo, mteja huvutwa na kivuli. Penye kibaraza chenye benchi ndipo watu hupumzika wakisubiri usafiri, na anayepumzika hununua soda, vocha na hata mbegu.

Hapo ndipo wenye majengo wanapohusika. Mpangaji anaweza kutundika mkeka, lakini hawezi kujenga kibaraza kwenye nyumba ya mtu. Maduka ya zamani katika miji ya Usukumani, yakiwamo ya wafanyabiashara wa Kihindi, yalikuwa na kibaraza mbele. Nyumba za msonge za Wasukuma zilikuwa na paa la nyasi lililoshuka chini kukinga ukuta. Waliojenga hivyo hawakuwa na uhaba wa ujuzi. Fremu nyingi za leo zimekata kibaraza ili kupata futi chache za kupangisha, na gharama ya futi hizo anailipa mpangaji kwa bidhaa zinazoharibika, kisha mkulima kwa mazao yanayoliwa.

Mwenye fremu anayedai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo anao wajibu wa kuweka kivuli. Wapangaji wanaouza pembejeo na dawa wanayo haki ya kuliuliza hilo kabla ya kulipa, kama wanavyouliza kuhusu umeme na choo. Fremu inayotazama magharibi bila kibaraza haistahili kodi sawa na ile inayotazama kaskazini yenye upenu.

Halmashauri ya Mji wa Bariadi, pamoja na halmashauri za Maswa, Meatu, Itilima na Busega, zinatoa vibali vya ujenzi. Sharti la kibaraza kwa majengo ya biashara yanayotazama mashariki au magharibi lingeandikwa kwa mstari mmoja tu kwenye kibali. Kusubiri hadi mitaa ijae vioo ni kutafuta kazi ya ziada, kwa kuwa kuongeza kibaraza kwenye jengo lililokwisha simama ni ghali na mara nyingi eneo huwa halipo tena.

Mamlaka za ukaguzi nazo zipo: TMDA kwa dawa, TPHPA kwa viuatilifu na TOSCI kwa mbegu. Ukaguzi unaoishia kwenye leseni na tarehe ya mwisho wa matumizi unaacha nusu ya kazi. Mkaguzi akiingia dukani saa 9 alasiri na kuweka kiganja kwenye rafu iliyo karibu na kioo, atajua mengi ambayo karatasi hazimwambii. Ni vema elimu itangulie adhabu, maana muuzaji wa kawaida hajawahi kuambiwa kwamba pazia lake liko upande usiofaa.

Mkulima naye asikae kimya. Kabla ya kulipa, atazame dawa au mbegu ilikuwa imewekwa wapi. Akikuta inatolewa dirishani, aombe nyingine iliyotoka kwenye boksi la nyuma. Muuzaji akiombwa hivyo mara 10, atahamisha rafu bila kusubiri mkaguzi.

Wakati wa kufanya haya ni kabla ya Septemba. Kuanzia hapo hadi Novemba maduka hujaza mbegu na dawa za msimu, na miezi hiyo ndiyo ambayo jua la Simiyu hupita utosini na mvua bado hazijapoza ardhi. Shehena mpya huingia dukani wakati ule ule kioo kinapochoma zaidi. Mwenye duka anayetundika mkeka wake mwezi Agosti atauza mwezi Desemba mbegu inayoota.